Mwanza: Mji wa Mawe, Maji na Pikipiki

Ndugu wasomaji, katika siku za mwisho za mwezi wa Ramadhani nilifunga safari kutoka Bukoba kwenda Mwanza, kumzuru dada yangu na kusali naye Idi. Mkononi nilichukua mkoba wa nguo, na katika mfuko wa ndani wa koti nilichukua amana. Amana hiyo ilikuwa ni fedha zilizochangwa na jamaa zetu, huyu kidogo na yule kidogo, ili anunuliwe pikipiki mpwa wangu, kijana wa miaka 19 aliyemaliza shule na kukosa kazi. Walionikabidhi fedha waliniambia hivi: "Wewe ndiwe mjomba. Nenda ukaone kwa macho yako. Ukiona yafaa, mnunulie. Ukiona haifai, rudi nazo." Nami nilipopanda basi alfajiri ile nilikuwa sijui nitafanya lipi katika hayo mawili.

Kazi ya kuchukua abiria kwa pikipiki ni kazi ya halali, na vijana wengi wa nchi yetu wanawalisha mama zao kwayo. Walakini ni nani kati yetu asiyeijua walau nyumba moja ambayo mtoto wake alitoka asubuhi juu ya pikipiki akarudishwa jioni juu ya machela? Hayo mawili yalikuwa yakishindana moyoni mwangu njia nzima, tangu Muleba hata Geita, na tangu Geita hata Sengerema.

Tulipofika Busisi nilijiweka tayari kushuka, kwa mazoea ya zamani. Maana msafiri wa njia ile alikuwa hana budi kusubiri kivuko, na pengine saa mbili zingempita akitazama maji. Basi halikusimama. Lilipanda juu ya daraja jipya la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwezi wa Juni 2025, ambalo urefu wake ni kiasi cha kilomita 3, likatuvusha ile ghuba kwa dakika chache tu. Abiria walishangilia. Bibi mmoja mzee aliyekaa mbele yangu alitazama maji yaliyokuwa chini yetu, akasema polepole: "Sasa tumepewa haraka. Tuombe tupewe na akili." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini maneno yale yalinifuata mpaka mwisho wa safari yangu.

Mwanza ni mji wa mawe. Mgeni anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani kwamba majitu ya kale yalikuwa yakicheza bao pale, kisha yakaondoka bila ya kukusanya kete. Jiwe limekaa juu ya jiwe, na juu ya jiwe la pili pana la tatu, na kati yao watu wamejenga nyumba, wamelima mchicha, na wameanika nguo. Lile jiwe mashuhuri lililosimama majini karibu na ufuko bado linaitwa kwa jina la Bismarck, waziri mkuu wa Ujerumani wa zamani, ingawa Wajerumani walikwisha ondoka zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Na ziwa lenyewe linaitwa kwa jina la malkia wa Uingereza, kwa sababu Mwingereza mmoja, John Hanning Speke, alifika upande huu tarehe 3 Agosti 1858 akaliona. Wenyeji walikuwa wakiliona tangu hapo, wakivua na kuoga ndani yake, nao waliliita Nyanza. Ukubwa wake ni kiasi cha kilomita za mraba 68,800, na nchi tatu zanywa maji yake: Tanzania, Uganda na Kenya.

Reli ilifika hapa kutoka Tabora mwaka 1928, na tangu siku hizo mji haukuacha kukua. Ukishuka Mwaloni, kule Kirumba, utaona magunia ya dagaa yakipakiwa kwenda nchi za mbali, na harufu yake itakusindikiza mpaka nyumbani. Ukipita Makoroboi utakuta maduka yamebanana chini ya mawe. Na kila pembe utakayopita, kila njia panda, kila mlango wa soko na wa msikiti, utazikuta pikipiki zimejipanga na vijana wamekaa juu yake wakiita: "Twende mzee! Twende mama!"

Nataka msomaji aelewe kwa nini ziko nyingi hivyo. Vilima vya Mwanza, kama vile Igogo, Mabatini na Isamilo, vimejaa nyumba tangu chini hata juu, na mahali pengi hapana barabara ya gari. Pana kijia tu, leo ni cha mchanga, kesho mvua ikinyesha ni mfereji, na katikati yake pana jiwe ambalo halikuhamishwa na mtu tangu kuumbwa kwa dunia. Gari haipandi. Pikipiki hupanda. Ndiyo inayopandisha saruji ya mjenzi, madumu ya maji, na mgonjwa anayeshushwa usiku kwenda hospitali. Anayesema pikipiki zipigwe marufuku, na akae juu ya kilima kile siku mbili na mkewe mja mzito. Kisha aje aseme tena.

Dada yangu anakaa juu ya kilima kimoja kama hicho. Nilifika magharibi ikikaribia. Jirani yake, mama wa Kisukuma, alinilaki kwa "Mwadila," nami nikaitika nilivyoweza. Mpwa wangu alinishika mkono akainama: "Shikamoo mjomba." Nikamwitikia marahaba, nikamtazama vema. Amekuwa mrefu, mabega yamepanuka, na kicheko chake ni kile kile cha utotoni. Tulifuturu kwa uji, matobolwa na sato wa kuchoma, na hakuna aliyetaja pikipiki. Kila mmoja alikuwa akiufikiria ule mfuko wa ndani wa koti langu.

Asubuhi kijana aliazima pikipiki ya rafiki yake ili anipeleke mjini. Kabla ya kuondoka nilimwita nikamsomea darasa refu. Nilimkumbusha yule bedui aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu, au amwache huru na kumtegemea Mungu, naye akaambiwa amfunge kwanza. Nikamwambia kwamba kofia ngumu ndiyo kamba ya ngamia wa siku hizi. Kijana alisikiliza kwa adabu, akavaa kofia yake, akaifunga ukanda chini ya kidevu, kisha akanipa mimi ya pili.

Ndugu wasomaji, sitaki kuficha. Niliikataa. Nilikuwa nimevaa kofia yangu nyeupe ya kufumwa, safi, iliyopigwa pasi kwa ajili ya Ijumaa, na ile kofia ngumu ilikuwa ya jasho la watu wengi. Nikasema: "Mimi ni mtu mzima, nenda polepole tu." Kijana alizima injini. Akasema kwa sauti ya chini, bila ya kunitazama usoni: "Mjomba, kamba ya ngamia ni ya kwangu peke yangu?"

Sikuwa na jibu. Nilivua kofia yangu, nikaikunja nikaitia mfukoni, nikafunika kichwa kwa leso safi, nikavaa ile nyingine juu yake. Tulishuka kile kilima kati ya mawe, gurudumu la mbele likiteleza mara kwa mara, nami nimemshika kijana mabega kwa mikono miwili, nikijua kwamba mwanafunzi alikuwa yeye na mimi nilikuwa mjinga.

Mjini alinipeleka kijiweni kwao, yaani mahali wanapongojea abiria. Nilikaa pale saa nzima nikiwauliza habari zao. Wengi wao pikipiki si zao. Mwenye chombo, wao humwita tajiri, hutaka apewe fedha kila jioni, nayo huitwa hesabu. Wengine wana mkataba: alete hesabu kila siku kwa muda uliokubaliwa, na muda ukitimia pikipiki inakuwa yake. Siku ya mvua hesabu inatakiwa. Siku ya homa hesabu inatakiwa. Basi kijana akifika saa tisa alasiri na nusu ya hesabu hajaipata, huanza kukimbia. Akiona abiria wawili wanakwenda njia moja huwapakia wote, na pengine wa tatu pamoja nao, ndiyo ile iitwayo mishikaki, kwa kuwa watu wamebanana kama vipande vya nyama katika kijiti. Sisi tunapowalaumu vijana kwa mbio zao, yafaa tuwaulize pia matajiri wao, ambao wengi ni watu wazima kama mimi, wenye kusali safu ya mbele. Je, hesabu waliyoiweka yaweza kupatikana kwa mwendo wa salama? Ikiwa haiwezi kupatikana, basi mbio zile si za kijana peke yake.

Sheria haikosekani. Nchi yetu ina Sheria ya Usalama Barabarani tangu mwaka 1973, na mwaka 2010 zikatolewa kanuni hasa za pikipiki na bajaji zinazochukua abiria. Dereva awe na leseni. Achukue abiria mmoja tu. Yeye na abiria wake wavae kofia ngumu. Na mtoto aliye chini ya miaka tisa asipakiwe. Hili la mwisho askari wamekuwa wakilikumbusha mara kwa mara, kwa sababu kila asubuhi watoto wa shule huonekana wawili watatu juu ya chombo kimoja, na mdogo wao amekaa mbele juu ya tangi la petroli. Nani aliyewapakia pale? Ni baba na mama, waliomlipa kijana kwa mwezi.

Kwa akina mama nina neno moja. Suala la mwanamke kupanda nyuma ya mwanamume asiye maharimu wake lina mahali pake, na masheikh wapo wa kuulizwa. Mimi hapa nazungumza juu ya roho. Buibui pana, mtandio mrefu na khanga ni stara njema; lakini ncha ikining'inia karibu na gurudumu la nyuma, huvutwa na njiti za gurudumu au mnyororo, na mvaaji huangushwa kabla hajajua kilichomshika. Mwenye kulazimika kupanda na akusanye nguo yake yote, aikalie, na mtandio aufunge ndani. Suruali pana chini ya buibui haipunguzi stara, na humwezesha mtu kukaa vema badala ya kukaa upande upande na kuning'inia kama mzigo. Na dereva akumbuke habari ya Anjasha, aliyekuwa akiwaswaga ngamia waliochukua wanawake, akawakimbiza, Mtume (s.a.w.) alimwambia aende taratibu, akiwafananisha wale wanawake na vyombo vya kioo. Ikiwa mwendo wa ngamia ulihitaji maneno hayo, sembuse injini.

Siku ya Idi ilipambazuka safi. Tulisali uwanjani, tukapeana mikono, tukala pilau. Baada ya alasiri mpwa wangu aliniomba twende ufukoni kutazama vijana wanavyosherehekea. Tulikwenda upande wa nje ya mji, kwenye mchanga mpana unaoshikana na maji. Watu walikuwa wengi, familia na watoto wenye nguo mpya. Na katikati yao vijana walikuwa wakicheza na pikipiki. Wengine walipanda vilima vya mchanga na kuruka upande wa pili. Wengine waliinua gurudumu la mbele wakaenda kwa la nyuma peke yake. Hapana aliyevaa kofia ngumu, kwa kuwa walisema hapa si barabarani, na askari hayupo.

Nilitazama, na nakiri kwamba palikuwa na uzuri fulani. Ujana una haki yake ya kucheza, na Idi ni siku ya furaha. Wale vijana wanaochukua abiria mwaka mzima walikuwa leo wanajichukua wenyewe. Kisha mmoja wao aliruka kilima kidogo akashukia upande wa mchanga laini. Gurudumu la mbele lilizama, mkono wa usukani ukageuka, naye akarushwa mbele. Pale alipoanguka palikuwa na jiwe. Hili ni ziwa la Mwanza. Hata mchangani jiwe halikosekani.

Sauti zote zilikatika. Hatua mbili kutoka pale alikuwa amesimama mtoto mdogo wa kike, ameshika puto. Hakuguswa. Yule kijana hakuinuka. Vijana walikimbia wakataka kumwinua kwa mabega na miguu kama gunia, na mtu mmoja mwenye maarifa akawazuia, akawaambia wasimkunje shingo. Akalazwa juu ya ubao, akapakiwa katika gari, akapelekwa hospitali. Mpwa wangu alikuwa amesimama kando yangu akitetemeka. "Mjomba," aliniambia, "ni yule aliyetuazima pikipiki." Na ile kofia ngumu ya rafiki yake tulikuwa nayo sisi. Tuliichukua asubuhi pamoja na chombo, kisha tukamrudishia chombo bila kofia.

Usiku ule sikulala. Kesho yake tulikwenda kumwona. Alikuwa hai, alhamdulillahi. Mfupa wa bega umevunjika, kichwa kimefungwa, na alikuwa akimwuliza mama yake swali moja mara tano, kwa kuwa amesahau kwamba amekwisha liuliza. Mama yake alimjibu mara zote tano kwa upole ule ule. Katika wodi ile palikuwa na vitanda vingi vya vijana, mguu huu umening'inizwa, mkono ule umefungwa. Si jambo geni katika mji huu. Tangu mwaka 2010 madaktari wa Bugando, ile hospitali kubwa inayoonekana juu ya kilima, walichapisha utafiti wao juu ya majeruhi wa pikipiki mjini Mwanza, wakaonya kwamba ni tatizo linalochipuka. Waliowatibu walikuwa wengi vijana wa kiume, na majeraha ya viungo na ya kichwa ndiyo yaliyokuwa mengi.

Faida ya kofia ngumu si maneno ya askari tu. Mwaka 1935 alikufa kwa pikipiki Mwingereza T. E. Lawrence, yule aliyejulikana kwa mambo ya vita katika Bara Arabu. Alikuwa akiwakwepa vijana wawili wenye baiskeli, na kichwani hakuvaa kitu cha kumkinga. Mmoja katika madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, bingwa wa ubongo, hakulisahau jambo hilo. Alichunguza vifo vya askari wapanda pikipiki, na mwaka 1941 akatoa maandishi yake juu ya kofia za kukinga kichwa. Tangu hapo wataalamu wamepima sana, na wamekuta kwamba kofia nzuri hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa kiasi cha asilimia 69. Nchi ya Vietnam, ambayo watu wake wengi hupanda pikipiki, iliamuru kofia kwa wote tarehe 15 Desemba 2007, na kwa muda mfupi karibu kila mpandaji akavaa. Hata jirani zetu wa Kigali wamezoea: dereva hakuchukui mpaka amekupa kofia ya pili. Na zile pikipiki za magurudumu manne, zinazochezewa na watalii mchangani, madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri asipande kabisa aliye chini ya miaka 16. Na Australia, tangu mwezi wa Oktoba 2021, zile mpya za kazi za shambani haziuzwi bila ya kifaa cha kumkinga dereva chombo kikipinduka. Watu hawa wote hawakukataza chombo. Wamekitia kamba.

Kabla ya kurudi Bukoba nilimwomba mpwa wangu anipeleke Igoma, kwenye makaburi. Sisi watu wa Bukoba tuna wafu wetu pale. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka kwetu kuja Mwanza, ilipinduka ikiwa imekwisha karibia kufika, na waliokufa hutajwa kuwa zaidi ya 800. Wengi wao wamelala Igoma pamoja, Waislamu na Wakristo, wakubwa na wadogo. Nilikuwa kijana siku hizo, na nakumbuka mtaa wetu ambao haukupikwa chakula siku tatu. Watu walisema ni ajali, ni kudra ya Mungu. Ni kweli kwamba kila kitu ni kwa kudra yake. Lakini chombo kilikuwa kimechukua watu kupita kiasi chake, na hilo lilikuwa ni tendo la mikono ya watu. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228.

Nilimwambia kijana jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui. Karibu miaka elfu moja iliyopita mwanachuoni al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058 huko Baghdad, aliandika kazi za muhtasibu, yaani afisa wa Kiislamu aliyesimamia masoko na njia. Miongoni mwa kazi hizo alitaja kuwazuia wenye vyombo vya majini wasipakie zaidi ya vinavyoweza kubeba, na kuwazuia wasisafiri upepo unapochafuka. Basi kuhesabu abiria si jambo la kuletewa na wageni, wala si usumbufu wa askari. Ni fikihi yetu wenyewe, ya kuhifadhi nafsi. Leo kazi hiyo imo mikononi mwa serikali, katika idara zake za nchi kavu na za majini. Lakini pale mchangani siku ya Idi hapakuwa na afisa, na hapo kila mmoja wetu alikuwa muhtasibu. Watu wazima tulikuwa wengi. Tulitazama, tukapiga makofi.

Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Mjomba, rudi nazo hizo fedha. Nimeogopa." Nami, ndugu wasomaji, kama angeliniambia, "Ninunulie, mimi siogopi," ningalirudi nazo Bukoba siku ile ile. Aliposema ameogopa ndipo nilipojua la kufanya.

Tulikaa na dada yangu jioni ile, watatu, tukaandika. Pikipiki itanunuliwa, lakini baada ya yeye kwenda kujifunza na kupata leseni, si kabla. Katika fedha zile zile zitanunuliwa kofia ngumu mbili nzuri, hata kama itabidi pikipiki iwe ya bei ya chini kidogo. Moja ya dereva, moja ya abiria, na vitambaa vya kuweka ndani ili asiwepo mwenye kofia nyeupe wa kutoa udhuru kama wangu. Atachukua abiria mmoja. Hatachukua mtoto mdogo, hata mama yake akiomba. Hatadaiwa hesabu na mtu wa ukoo. Atawarudishia jamaa kidogo kidogo, kwa kadiri Mungu anavyomruzuku, na siku ya mvua kubwa atakaa nyumbani bila kuulizwa. Akitaka kucheza ufukoni, acheze mbali na watoto, na kofia kichwani, kwa kuwa jiwe halijui kama hapa ni barabara au si barabara. Dada yangu alitia sahihi. Kijana alitia sahihi. Kisha akanipa kalamu: "Na wewe mjomba, sharti la kofia." Nikatia sahihi.

Kijiweni nako aliniomba niseme neno kabla ya kuondoka. Niliwakumbusha tu kwamba Mtume (s.a.w.) aliwakataza masahaba kukaa njiani, nao walipotoa udhuru aliwaambia basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Nikawaambia: "Nyinyi ndio wakaao njiani wa zama hizi. Kijiwe kikiipa njia haki yake, mji wote utawaombea dua." Wakaitikia amin, na mmoja akasema wataanza kwa kukataa mishikaki kijiweni pale, na atakayevunja sharti hatapewa zamu siku hiyo. Kama wamelishika au hawakulishika, nitaliona nikirudi, inshallah.

Niliporudi nilivuka tena lile daraja, na maji yalikuwa yametulia chini yetu. Nilimkumbuka yule bibi mzee. Haraka tumekwisha pewa: barabara, madaraja, injini za bei nafuu kwa kila kijana. Akili haiji kwa meli wala kwa reli. Huanzia nyumbani, pale mzazi anapovaa kofia kabla ya kumwamuru mwanawe avae.

Mwenyezi Mungu awaponye majeruhi wetu, awarehemu waliolala Igoma na Ukara, na awalinde vijana wetu juu ya nchi na juu ya maji. Amin.